Blanketi la Bibi

Mwezi wa sita huku Mbozi hakuna anayekuuliza kama unasikia baridi. Wanakuuliza umejifunika nini, na kwa jibu lako wanajua wewe ni mtu wa wapi. Ukisema blanketi la dukani, wanajua baba yako ni mwalimu, au karani, au ana kahawa ya kutosha kuezeka nyumba kwa bati. Ukinyamaza, wanajua unalala karibu na moto. Lakini ukisema shuka la kufumwa, lile zito la pamba ya Momba, hapo itabidi wakutazame vizuri kwanza, maana shuka hilo lilikuwa la watu wa aina mbili tu. Mwene, mtemi wetu, alijifunika nalo, na Wazungu wa mashamba ya kahawa. Na wajane na vibarua nao walijifunika nalo. Sisi tuliokaa katikati halikuingia nyumbani kwetu hata siku moja. Sisi tulilala chini ya blanketi jembamba la dukani, tukitetemeka na heshima zetu.

Mimi naitwa Loisi. Baba yangu, Mwalimu Abrahamu, alifundisha shule ya Mbozi Mission, na tangu mama afariki mimi ndiye niliyekuwa mpishi, dobi na mshonaji wa nyumba ile, na mtunzaji wa Bibi Ruti, mama yake baba. Bibi macho yalikuwa yamekwisha, ila masikio yalibaki makali. Asubuhi nilipika, mchana nilishona magauni ya watu kwa cherehani ya mkono, jioni nilimkanda bibi miguu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilijiona wa arobaini. Na nilikuwa nampenda mfumaji.

Kumpenda Osea hakukuwa kazi. Yaliyobaki yote ndiyo yaliyokuwa kazi.

Miaka mitatu kabla ya wiki hii ninayoisimulia, wazee wake walikuja kwetu kuposa. Kwetu mahari ina mambo mengi, na mengi yanazungumzika, lakini moja halina mjadala: blanketi la bibi. Mwanamume humletea bibi wa msichana blanketi, akamwekea mikononi, kisha baba wa msichana humfunika mama yake kwa blanketi hilo mbele ya wageni. Bibi akishafunikwa, maneno yamekwisha, msichana ana mwenyewe.

Osea alileta shuka. Alikuwa amelifuma mwenyewe kwa miezi miwili kwenye kitanda chake cha kufumia kule Hasamba, alikohamia kwa mjomba wake kutoka bondeni Momba. Pembeni aliliwekea mistari miwili myeusi ambayo hakuwahi kumfumia mtu mwingine. Baba alilipokea barazani, akalikunjua, akalitazama, akalikunja tena. Bibi alikuwa ndani, hata hakuligusa.

"Mama yangu si kibarua," baba alisema.

Akawaomba wageni watoke kwa njia ya nyuma, ile ya mgombani, ili watu wasiwaone na mzigo wao. Baadaye akatuma neno: Osea akitaka kurudi, arudi na blanketi la dukani. Osea akajibu kwamba mfumaji hawezi kumposa mke kwa kazi ya mtu mwingine. Basi wakakaa hivyo, wanaume wawili juu ya neno moja kama kuku wawili juu ya yai moja, na aliyekuwa anazeeka ni mimi.

Jumatano ya wiki hii ninayoisimulia baba aliniita barazani.

"Jumamosi wanakuja watu wa Timotheo," alisema.

Timotheo alikuwa karani wa mizani kwenye chama cha kahawa, mtu mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni, moja haiandiki.

"Blanketi ameshanunua. Nimeliona. Jekundu, lina picha ya simba."

"Ndiyo, baba."

"Nimekungojea miaka mitatu, Loisi. Si nimekungojea?"

"Umeningojea, baba."

Na ni kweli alikuwa amengoja. Baba yangu hakuwa mtu mkali. Angekuwa mkali ningepata nguvu za kugombana naye, lakini alisema kwa sauti ya mtu aliyesahihisha madaftari arobaini, na mimi nilikuwa nimetoka kufua, na mikono ilikuwa imeniganda. Nilikwenda jikoni nikakaa juu ya kigoda nikaangalia moto mpaka ugali ukaungua.

Kesho yake ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio. Nilichukua kikapu, nikamwambia baba nakwenda kununua chumvi.

Osea alitandaza mashuka yake mahali palepale siku zote, chini ya mikaratusi, hatua chache kutoka kwa wanawake wa chumvi. Alifunga kamba kutoka mti hadi mti, akayaning'iniza. Nilifika mchana, wakati gulio limejaa, nikafanya kama nilivyozoea: nikasimama kwenye chumvi, nikamwangalia kwa pembe ya jicho. Alikuwa amekonda. Alikuwa na ule mtindo wake wa kukunja mikono ya shati mara tatu, na mimi kila nikiiona ile mikono nilisahau nilichotumwa.

Alikuwa na wateja wawili. Mmoja alikuwa Memsahabu, mke wa Mzungu wa shamba la kahawa la juu, ambaye gari lake lilisimama barabarani huku injini ikiunguruma. Wa pili alikuwa Mama Priska, mjane wa kule Mbebe, miguu pekupeku, vumbi mpaka magotini. Alikuwa njiani tangu jana yake. Wote wawili walikuwa wameshika shuka moja, kila mmoja upande wake, wanalipapasa kwa vidole.

"Hii ya mwaka jana nimeweka kitandani," Memsahabu alimwambia Osea. "Bwana hataki tena blanketi ya Ulaya."

"La kwangu la mwaka juzi nimemzikia mzee," alisema Mama Priska. "Ndiyo maana nimekuja tena, mwanangu. Watoto wanalala kwenye majani."

Memsahabu alimwangalia, akaachia upande wake wa shuka. "Mama achukue hii. Mimi nataka ile." Akaonyesha mwisho wa kamba, upande wa barabarani, penye shuka lenye mistari miwili myeusi.

Nilikuwa sijui kwamba bado analo.

"Lile si la kuuza, Memsahabu," Osea alisema.

"Kila gulio unasema hivyo!"

"Kila gulio si la kuuza, Memsahabu."

Memsahabu akacheka, akachagua jingine, akalipa. Mama Priska akafungua mzigo wake, akampimia Osea ulezi wake kwenye kikapu. Kisha wote wawili wakajitupia mashuka yao mabegani, maana upepo ulikuwa mkali, wakaenda zao, mmoja kwenye gari na mwingine kwenye njia ya milimani. Hakuna hata mmoja wao aliyegeuka kuangalia nani anamwona. Mimi nilikuwa nimesimama na pakiti ya chumvi mkononi, nimeshageuka mara nne.

Nikamfuata Osea.

"Leo umekuja na jua," Osea alisema. Hakutabasamu, lakini macho yake yalitulia juu yangu kama kawaida yake, polepole, kuanzia kilemba mpaka kwenye vidole vyangu vilivyojaa matundu ya sindano.

"Jumamosi wanakuja watu wa Timotheo."

Alikuwa anakunja shuka. Akaendelea kulikunja mpaka likaisha.

"Na blanketi?"

"Analo. Jekundu. Lina simba."

"Simba," Osea alisema. "Atamla bibi."

Siku nyingine tungecheka. Utani wetu nao ulikuwa umechoka.

"Osea, nisikilize. Lile duka pale si mbali, unaliona. Nenda kanunue blanketi. Lolote. Hata lenye tembo. Kesho umpelekee baba, yaishe."

"Halafu?"

"Halafu tuoane!"

"Halafu kila asubuhi nikikaa kufuma, wewe ukipita na ndoo ya maji utamwona nani pale? Mume wako, au mtu aliyekubali kwamba kazi ya mikono yake haifai kumfunika kikongwe?"

"Nitamwona mtu aliyenioa," nilisema, na sauti ikanitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Miaka mitatu, Osea! Ferista niliyesoma naye ana watoto wawili, wa tatu yuko njiani. Mimi nashona magauni ya harusi za watu. Nikilala naota sindano. Baba ana heshima yake, wewe una heshima yako, mimi nina nini? Nimechoka. Nimechoka kukupenda hivi, umesikia? Nakupenda, na nimechoka."

Aliliweka lile shuka juu ya mengine. Wanawake wa chumvi waliacha kupima, wakatega masikio.

"Hata mimi nimechoka," alisema mwishowe, taratibu. "Naomba nikuulize neno, lakini usikasirike."

"Uliza."

"Wewe, Loisi, umewahi kununua shuka kwangu?"

Niliangalia pakiti ya chumvi niliyoishika.

"Kila Alhamisi unakuja," aliendelea. "Unasimama kwenye chumvi. Chumvi gani hiyo inayonunuliwa nusu saa? Kisha jua likishuka, watu wakipungua, unakuja kwa nyuma, unakaa huko nyuma ya mashuka, tunazungumza. Mimi nafurahi. Wallahi nafurahi mpaka nasahau kufunga mizigo. Lakini baba yako alinipitisha mgombani mara moja tu. Wewe unanijia kwa njia ya mgombani mwaka wa tatu sasa."

Nilihisi joto usoni, katika baridi ile.

"Sikulaumu," alisema. "Najua nyumba unayotoka. Ila usiniambie tena kwamba ni mimi na baba yako peke yetu tunaokuzeesha."

Ningeweza kuondoka. Miguu ilitaka. Nilimkasirikia kwa ile hasira ya mtu aliyeambiwa kweli, tena na mtu anayempenda, tena kwa upole. Nilimtazama, naye hakuyakimbiza macho yake. Yalikuwa mekundu pembeni kwa moshi na kwa usiku mwingi wa kufuma. Nikafikiri: mtu huyu amekaa na lile shuka miaka mitatu, amelitoa nyumbani kila Alhamisi, amelitundika, amelirudisha. Na mimi nilikuwa sijui, kwa sababu nilikuwa kila mara nakaa upande wa nyuma.

"Lile lenye mistari," nikasema. "Unaliuza bei gani?"

"Loisi. Lile si la kuuza."

"Ulimfumia nani?"

"Unajua nilimfumia nani."

"Basi namnunulia bibi yangu."

"Chukua tu. Nakupa."

"Usinipe!" Nilirudi hatua moja nyuma. "Ukinipa nitalikunja, nitalitia kikapuni chini ya chumvi. Najijua. Nikilinunua nitalivaa. Niuzie, Osea. Niuzie kama unavyomwuzia Mama Priska, watu wote hawa wakiona."

Akataja bei, ileile ya wote. Nikafungua fundo la leso yangu, pesa ya magauni mawili, nikamwekea mkononi. Pale kwenye chumvi mtu mmoja alisema, "Mh!" Osea akalitoa shuka kwenye kamba, akalikung'uta, akanizungushia mabegani yeye mwenyewe. Lilikuwa zito. Lilikuwa na harufu ya pamba na ya moshi wa nyumba yake. Mikono yake ikakaa mabegani pangu kidogo zaidi ya inavyotakiwa na biashara, na mimi nikafumba macho, nikatamani gulio lote liondoke lituachie ile dakika.

"Na Jumamosi?" aliniuliza sikioni.

"Sijui."

"Loisi..."

"Sijui, Osea. Niache niende kabla sijaogopa."

Kutoka gulioni mpaka nyumba za walimu ni mwendo, na nilikuwa sijawahi kuuona mrefu vile. Nilipita barabara kubwa. Watu niliowazoea walinisalimia nusu, nusu ya pili wakaimalizia kwa macho. Mzee mmoja alivua kofia, akaniuliza mimi ni binti wa Mwene yupi. Mwanamke mwenye kuni kichwani, asiyenifahamu, aliniambia, "Pole, mwenzangu, baridi ya mwaka huu inatuua sisi," akanikatia kipande cha kiazi chake cha kuchoma. Nikakipokea, nikala huku natembea.

Yunisi, mke wa Mwalimu Barnaba, alikuwa anaanua nguo zake uani. Akaziacha.

"Loisi! Kwenu kuna msiba?"

"Hapana, mama."

"Nyumba imeungua?"

"Hapana, mama. Tuko salama."

"Ahaa!" Uso ukamfunguka. "Unampelekea Memsahabu."

"Ni langu," nikasema. "Nimelinunua."

Hakunielewa kabisa. Hakukuwa na mahali kichwani mwake pa kuniweka. Nilipopita nilimsikia anamwita jirani yake.

Baba alikuwa barazani anasahihisha madaftari. Aliinua kichwa, akanitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Kisha akaiona ile mistari miwili myeusi.

"Nani amekuvisha hicho kitu?"

"Nimelinunua, baba. Kwa pesa yangu ya cherehani. Ni la bibi."

"Watu wamekuona?"

"Wote."

Akaweka penseli yake nyekundu chini. Nilingoja anifokee. Nilitaka anifokee. Lakini alijishika paji la uso kwa mikono miwili, akaanza kusema polepole, akiiambia meza.

"Mwene akilivaa, nani atadhani ni maskini? Memsahabu akilivaa, watu wanasema Wazungu wana mambo yao. Mjane akilivaa, hakuna aliyetegemea zaidi. Sisi, Loisi! Sisi juzi tu tumelivua. Unajua niliingiaje shule hii? Nimefungwa kipande cha shuka, fundo hapa begani. Wenzangu wana kaptura. Mwaka mzima sikuwa na jina. 'Shuka, simama. Shuka, soma.' Nilijisomea mpaka nikawa Mwalimu Abrahamu ili mtu asiniite tena hivyo. Na wewe unalipitisha mbele ya Yunisi! Leo jioni watasema Abrahamu amerudi alikotoka."

Nilikuwa nimemwona baba yangu mtoto, na sikuwahi kumwona hivyo. Hasira yote niliyotembea nayo ikaniisha, nikabaki na uchovu peke yake.

"Abrahamu." Ilikuwa sauti ya bibi kutoka ndani. "Mnagombania nini?"

"Hakuna kitu, mama."

"Hicho ambacho si kitu kina harufu ya pamba. Kileteni hapa."

Baba hakusema lete, hakusema usilete. Nikaingia. Bibi alikuwa amekaa kitandani, blanketi la dukani magotini. Nikamwekea shuka mikononi.

Hakulikunjua. Alitafuta ukingo kwanza, akaushika kati ya dole gumba na kidole cha shahada, akaufuata inchi kwa inchi kama mtu anayesoma. Baba alikuwa amesimama mlangoni.

"Uzi wa Momba huu," bibi alisema. "Wale wanausokotea pajani, unatoka umelala upande. Mimi nami nilikuwa nasokota hivyo." Vidole vikaendelea. "Mshindio, huu uzi unaopita kati, umebana. Huyu hakufuma kwa haraka. Baba yako alikuwa anabana hivihivi, Abrahamu."

Nilimgeukia baba. Nilikuwa nimeambiwa kwamba babu alikuwa Mkristo wa kwanza kijijini kwake. Kazi yake sikuwahi kuambiwa.

"Kile kipande ulichokwenda nacho shule," bibi alisema, "mimi nilisokota, baba yako akafuma. Siku tisa. Wenzako walikuwa na kaptura, na magoti yao yanagongana kwa baridi. Mimi nilikutazama unakwenda, nikasema moyoni, mtoto wangu peke yake ana joto."

Baba aliushika mwimo wa mlango, akasema, "Mama, miaka mitatu yote hukusema kwamba unalitaka."

"Sikuulizwa. Lilikuja barazani, likaishia barazani. Mimi nilisikia miguu yao tu, inapita mgombani." Akalisukuma shuka mbele, hewani, kule alikosikia sauti ya mwanawe. "Nifunike."

"Mama, hili halikuletwa na mwanamume. Loisi amelinunua. Kwa desturi halihesabiki."

"Nani amekwambia habari za desturi? Nakwambia nasikia baridi. Nifunike."

Baba akaja. Aliondoa blanketi la dukani, akaliweka kando. Akalikunjua shuka, na mikono yake, ile mikono ya chaki, ikafanya jambo ambalo sikumfundisha mimi wala hakulijifunza kwa kumfunika mtu yeyote nyumbani mle: akaingiza ukingo chini ya nyayo za bibi kwanza, akalipandisha, akalizungusha bega la kushoto, akachomeka ncha chini ya mkono. Alilijua. Alifunikwa hivyo zamani. Miaka mitatu iliyopita shuka lile lilipimwa limtoshe bibi mara moja. Sasa lilimzunguka mara mbili, na bado likabaki. Tuliona wote wawili.

"Haya," bibi alisema, amefumba macho yake yasiyoona. "Hili ni la mjukuu wangu. La mwanamume bado sijaliona."

"Karani anakuja Jumamosi na blanketi," baba alisema, lakini kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la mwingine.

"Lile la simba? Simtaki. Usiku atanitisha."

"Mama, wewe huoni."

"Nitajua yupo."

Baba akakaa ukingoni mwa kitanda. Nilimwona amezeeka, na nilijua na yeye alikuwa amechoka, amechoka kuliko sisi wote, kwa kuwa alikuwa ameanza kuchoka tangu akiwa mtoto wa darasa la kwanza.

"Nitakwenda mwenyewe kwa Timotheo," alisema. "Si vizuri kumtuma mtu mwingine. Ni kijana mwema." Akalichukua lile blanketi la dukani, akalikunja. "Mwambie Osea alete la kwake."

"Hana, baba. Hili ndilo lililokuwa la bibi. La bibi hawezi kulitoa tu kwenye kamba, atataka kulifuma upya. Ni miezi miwili."

"Basi tutamngojea miezi miwili. Tumengoja miaka mitatu kwa ajili ya upumbavu, tutashindwa kungojea kazi?"

"Ndiyo, baba."

"Aje mchana. Na asipite mgombani." Alikuwa analilaza vizuri shuka begani kwa mama yake, ingawa lilikuwa limeshalala. "Apite mbele ya kanisa, shuka likiwa begani, nami nitakuwa nimesimama pale barazani."

Nilitaka kumshukuru. Nilitaka kukimbia mpaka gulioni, nimkute Osea anafunga mizigo yake, nimwambie mbele ya wanawake wa chumvi. Badala yake nilikaa chini sakafuni, mgongo ukiegemea kitanda cha bibi, na machozi yakanitoka bila sauti, ya furaha na ya miguu kuuma. Bibi akanipapasa kichwa, akanivutia pembe ya shuka iliyobaki. Nikalala hapohapo na viatu vyangu, na chakula cha jioni siku ile alipika baba.